Mvinyo mwekundu wa machipuko, na neno la mjomba

"Zabibu hizi zilivunwa mbichi, mjomba."

Aliyesema hivyo ni kaka yake mama, Jumapili ya Pasaka, mezani kwangu hapa Lyon. Alikuwa ameinua glasi usawa wa dirisha akitazama mwanga unavyopita kwenye mvinyo, na mwanga ulikuwa unapita hasa. Vidole vyake vilionekana upande wa pili. Mezani kulikuwa na paja la mwanakondoo lililochomwa na kitunguu saumu, njegere zilizomenywa asubuhi ile ile, na asparagasi za kijani zilizopitishwa kwenye siagi. Madirisha tulikuwa tumeyaacha wazi, jambo ambalo halikuwezekana tangu Oktoba. Chupa ilikuwa ya Fleurie, mvinyo mwekundu mwepesi wa vilima vya Beaujolais, kaskazini mwa hapa, na nilikuwa nimeichagua kwa makini kwa ajili ya mchana kama ule.

Mjomba analima zabibu Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, tangu kabla sijazaliwa. Angesema mtu mwingine ningeanza kubishana. Mjomba akisema zabibu ni mbichi, unanyamaza kwanza.

Aliimaliza glasi yake kwa adabu zote za mgeni, kisha akaniuliza taratibu kama sina ule mweusi. Nilikuwa nao, chupa ya Cahors niliyoiweka akiba tangu wakati wa baridi. Akaitazama dirishani vile vile. Haikupitisha kitu.

"Huu sasa," akasema, na wengine wote mezani wakasogeza glasi zao.

Neno lile limenikaa wiki kadhaa sasa.

## Rangi inatoka wapi

Kitu cha kwanza nilichotaka kumjibu ni habari ya rangi. Ukiminya punje ya Gamay, zabibu inayotengenezewa Fleurie, maji yanayotoka ni meupe. Rangi yote imo kwenye ganda. Ganda likikaa siku nyingi ndani ya maji yake, likikorogwa na kukandamizwa, mvinyo unakuwa mweusi. Likikaa kidogo, au likiwa jembamba kwa asili, mwanga unapita. Kuiva ni habari nyingine. Poulsard ya Jura, milima ya mashariki ya hapa, huiva barabara na bado mvinyo wake unakaribia rangi ya waridi. Pinot Noir ya Bourgogne ukiiweka kando ya Malbec ya Cahors inaonekana imepauka, lakini shamba la Romanée-Conti, lisilofika hekta 2, ni la Pinot Noir hiyo hiyo, na chupa yake moja inauzwa kwa bei ya gari.

Tena Gamay imedharauliwa zamani sana. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliamuru mizabibu hiyo ing'olewe katika ardhi yake, akiiita mmea mbaya usio mwaminifu. Ilikuwa inazaa mno, na wakulima waliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ikashikilia kusini, kwenye vilima vya itale vya Beaujolais, na huko ikakuta udongo unaoifaa kuliko ule iliofukuzwa.

Majibu hayo yote nilikuwa nayo. Ila kila nilipoyapanga kichwani nilimwona mjomba amesimama kando ya barabara ya vumbi pale Mpunguzi, makreti yamepangwa, akisubiri gari la mnunuzi. Gari likifika, kitu cha kwanza kinachopimwa ni sukari. Sukari ikiwa chini, bei inashushwa au mzigo unakataliwa, na zabibu haina subira: kesho yake imelainika, kesho kutwa nyuki wameikalia. Miaka yote hiyo kipimo kile kimemfundisha kwamba wepesi ni hasara. Sukari ndogo, kilevi kidogo, ada ya shule haitoshi. Halafu mimi namwandalia mvinyo mwepesi na kumwambia kwa furaha kwamba nimeuchagua kwa sababu ni mwepesi.

Kumjibu kwa habari za maganda kungekuwa kujibu swali ambalo hakuuliza.

Swali lake hasa lilikuwa hili: kwa nini mtu mwenye uwezo wa kununua kizito anunue chepesi?

## Mchana wa Aprili

Walioko Ulaya wanaujua mwezi huu. Asubuhi unatoka na koti, mchana umelibeba mkononi, jioni unalivaa tena. Siku moja ina hali mbili za hewa, na mezani pia hivyo hivyo. Chakula kimeshaacha mizizi na maharage ya Januari, lakini hakijafika kwenye saladi na nyanya za Julai. Ni wakati wa mwanakondoo, viazi vipya vyenye ganda laini, figili zinazoliwa kwa siagi na chumvi. Mbuzi wamezaa mwishoni mwa baridi, maziwa yamerudi, na jibini mbichi ya mbuzi imejaa sokoni. (Hili la mbuzi mjomba alilielewa kabla sijamaliza sentensi.)

Maduka ya mvinyo hapa yana tabia moja inayoniudhi. Jua likitoka siku mbili mfululizo, rozé, mvinyo wa rangi ya waridi, inapangwa mlangoni na nyekundu inasukumwa nyuma hadi Septemba, kana kwamba nyekundu kazi yake ni kupasha mwili joto tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Paja la mwanakondoo linataka mvinyo mwekundu. Halitaki tu ule wa Desemba, wenye asilimia 14 na nusu ya kilevi na harufu ya pipa jipya la mwaloni, ambao ni mtamu sana pamoja na nyama ya ng'ombe iliyochemka nusu siku huku nje kumeganda. Mchana wa Aprili, dirisha wazi, mvinyo ule unakulaza usingizi kabla ya jibini.

Kuna nafasi katikati. Hiyo nafasi ndiyo inayonivutia miaka yote niliyoishi huku, na naona inapuuzwa pande zote mbili: wanaopenda mzito wanaiita maji, na wauza rozé hawaioni.

## Ukakasi

Aliyewahi kung'ata bibo ambalo halijaiva vizuri anaujua ukakasi, ule unaokausha ulimi na kuvuta mashavu ndani. Kwenye mvinyo mwekundu unatoka kwenye tanini za ganda, mbegu na vikonyo, na pipa jipya linaongeza zake. Nyama yenye mafuta inaupokea vizuri. Mboga changa haziuwezi. Asparagasi ndiyo ngumu kuliko zote, maana ina salfa, na ikikutana na tanini nyingi unabaki na ladha ya chuma mdomoni.

Sasa ongeza joto na baridi. Mvinyo ukipata joto, kilevi kinapanda puani na kufunika kila harufu nyingine. Ukipozwa, kilevi kinatulia lakini ukakasi unajitokeza zaidi. Ndiyo maana Bordeaux changa ukiitia kwenye friji inakuwa chungu na ngumu. Mchana wa joto mvinyo mzito umebanwa kotekote: ukiuacha unachoma, ukiupoza unakausha.

Kwa hiyo mvinyo mwekundu wa machipuko unachaguliwa kwa kuanzia na tanini. Zikiwa chache, unaweza kuupoza hadi nyuzi 12 au 14, na hapo uchachu wake unaamka, harufu ya matunda inasimama, na chupa inakaa sawa na chakula kutoka njegere hadi jibini. Rangi nyepesi ni matokeo tu ya safari hiyo. Mjomba alikuwa ameanza kusoma kitabu kwa jalada la nyuma.

Beaujolais wanapunguza ukakasi kwa namna ambayo kwangu ni ya akili sana. Vichala vinamwagwa vizima ndani ya tangi, bila kupondwa na bila kutolewa vikonyo. Vya chini vinapasuka kwa uzito wa vya juu, maji yake yanaanza kuchachuka, na hewa ya ukaa inayotoka hapo inajaza tangi na kufukuza oksijeni. Punje za juu ambazo bado ni nzima zinaanza kujichachua zenyewe kwa ndani, kila moja ndani ya ganda lake. Rangi na harufu zinatoka, tanini kidogo tu. Kwa Nouveau, Beaujolais changa inayouzwa Novemba, kazi hiyo huchukua siku chache. Kwa Fleurie au Morgon huenda wiki mbili na zaidi.

Nilipomsimulia mjomba hili, alinisimamisha.

"Hawapondi kabisa?"

"Hawapondi, mjomba."

Akatikisa kichwa, kisha akasema anataka kuona.

## Kilimani

Treni ya kwenda Belleville inafuata mto Saône, na ukikaa upande wa kushoto unaviona vilima vinavyoanza kuinuka. Tulikwenda siku ya kazi, kwa mama mmoja mwenye hekta chache juu ya kijiji cha Fleurie, chini kidogo ya kikanisa cha Bikira Maria kinachoonekana kutoka kila upande wa bonde. Mizabibu yake ni ya kizamani, mifupi, kila mmoja umesimama peke yake bila waya, matawi yamekatwa hadi vigutu vichache vinavyotazama juu.

Mjomba hakumsikiliza mtu. Aliinama akachota udongo.

Ulikuwa mchanga wa rangi ya waridi iliyofifia, chembechembe kubwa zenye kumetameta: itale iliyooza. Aliusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaumwaga, akachota tena. Kisha akanitazama. Wanaojua mawe makubwa yanayozunguka mji wa Dodoma wanajua alichokuwa anakitazama. Jiwe la familia moja, limesagika namna moja, lenye tabia moja ya kutoshika maji. "Hapa mzabibu unashuka chini sana kutafuta," akasema. Nikamtafsiria yule mama, naye akasema ndiyo, mita kadhaa.

Baada ya hapo mimi nilibaki mkalimani tu.

Mizabibu mingi ilikuwa imeshachipua, majani madogo yenye pindo za waridi. Lakini kwenye mistari ya chini kabisa bado kulikuwa na matone kwenye ncha zilizokatwa. Maji safi, yanajikusanya, yananing'inia, yanadondoka. Mzabibu unalia namna hiyo mizizi inapoamka na kusukuma maji juu kabla jicho halijafunguka. Mjomba aliligusa tone kwa kidole akasema, "Huu umekatwa juzi juzi."

Kweli. Yule mama alieleza kwamba mistari ile iko bondeni, hewa ya baridi hushuka na kulala pale, kwa hiyo huwa anaikata mwisho kabisa ili ichelewe kuchipua. Jalidi ikija Aprili, inayakuta macho bado yamefumba. Akasimulia Aprili ya 2021, baridi iliyoikumba karibu nchi nzima ya Ufaransa wakati machipukizi yameshatoka kwa sababu Machi ilikuwa na joto. Walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa ya makopo kati ya mistari. Asubuhi machipukizi mengi yalikuwa yamegeuka kahawia. Tangu hapo, alisema, hapumui vizuri mpaka katikati ya Mei ipite.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho, kisha akaeleza yake. Kwamba Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukiuacha, unaendelea tu kutoa majani, matunda machache hapa na pale, bila mpangilio. Kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha: unamaliza kuvuna, unaupumzisha kwa kuunyima maji, unapogoa, na macho yanafunguka. Mara mbili kwa mwaka.

"Mara mbili?" yule mama aliniuliza mimi, akidhani nimekosea kutafsiri.

"Mara mbili," mjomba akamjibu kwa vidole.

Waliangaliana kwa muda. Yeye anatumia mkasi kuchelewesha machipuko, mjomba anautumia kuyaita. Sijawahi kuwaona watu wawili wasio na lugha moja wakaelewana haraka vile, na nililipenda jambo hilo kuliko mvinyo wowote niliokunywa mwaka huu.

## Glasi tatu

Chini kwenye pishi kulikuwa na baridi ya kama nyuzi 13. Yule mama alitukatia soseji kavu na jibini ya mbuzi ya jirani yake, akaanza na Chiroubles, kijiji kilicho juu kuliko vyote kwenye safu ile. Mwepesi, mchachu, harufu ya rasiberi. Mjomba alikunywa bila neno.

Kisha Fleurie.

Hapa nilikuwa na wasiwasi kweli. Ni aina ile ile ya mvinyo aliyoihukumu mezani kwangu, na mwenye shamba amesimama mbele yake. Aliinua glasi kama siku ile, lakini pishini hakuna dirisha, hivyo akaishusha na kunusa. Akala kipande cha jibini. Akanywa. Akanusa tena.

"Si mbichi," akasema kwa Kiswahili, akinitazama mimi. "Imeiva. Mwambie imeiva."

Nikamwambia. Yule mama akacheka kwa mshangao, maana hakujua kulikuwa na kesi.

"Lakini mimi siinunui," mjomba akaongeza, na hilo sikulitafsiri.

Ya tatu ilikuwa Moulin-à-Vent, ambayo nayo ni Gamay, kutoka mashamba yanayouzunguka ule mnara wa upepo wa Romanèche-Thorins. Udongo wake una manganizi, na mvinyo wake una mwili zaidi, unaweza kukaa miaka kumi na kuzidi. Mjomba alichukua chupa mbili. Kwa hesabu yake, mtu anayetaka kuonyesha kwamba zabibu hii ina heshima aonyeshe hiyo.

Njiani kurudi tulibishana kwa upendo hadi treni ikaingia mjini. Msimamo wake: mvinyo mzuri ni ule unaobaki mdomoni, na wepesi ni ruhusa unayompa mnywaji anywe zaidi. Msimamo wangu: mvinyo unaotosha mlo na kukuacha mwepesi umefanya kazi ngumu zaidi, kwa sababu hauna mahali pa kujificha. Pipa halifuniki, kilevi hakifuniki, utamu hakuna. Zabibu ikiwa na kasoro inaonekana papo hapo. Alikubali hilo la kutojificha. Mengine hakukubali, na sidhani atakubali.

## Ninachotazama dukani

Watu huniandikia kuomba majina ya chupa. Naona ni heri kusema macho yangu yanaanzia wapi.

Yanaanzia nyuma ya chupa, kwenye asilimia ya kilevi. Ikizidi 13 na nusu, kwa mchana wa Aprili naiacha, hata kama jina ni kubwa. Kisha natafuta kama wametaja pipa la mwaloni. Wakilitaja kwa fahari, nairudisha rafuni hadi Novemba. Mwaka wa mavuno nataka uwe wa karibuni. Na kwa Beaujolais kuna mtego mdogo: maeneo kumi bora ya huko, kama Fleurie, Morgon, Juliénas, Brouilly na Chiroubles, mara nyingi yanaandika jina la eneo tu, neno Beaujolais huenda usilione kabisa. Wengi wanapita mbele yake wakitafuta jina wanalolijua, na wanaangukia Nouveau iliyobaki tangu Novemba. Nouveau ina siku zake, Alhamisi ya tatu ya Novemba na wiki zinazofuata. Aprili imeshachoka.

Kama asparagasi au mboga za kijani ndizo nyingi mezani, naacha Gamay na kwenda Cabernet Franc ya bonde la Loire: Chinon, Bourgueil, Saumur-Champigny. Zabibu hii ina harufu ya hoho la kijani na majani yaliyopondwa. Wengine huiona kasoro, na ikizidi kweli ni kasoro. Ikiwa ya kiasi, ndiyo nyekundu pekee ninayoiamini mbele ya asparagasi nyingi, kwa sababu harufu ya chakula na ya glasi zinatoka shamba moja. Chagua iliyotengenezwa kwenye tangi, nyepesi. Ile iliyopitia pipa iache. Jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure inatoka karibu na hapo hapo, na ukiziweka pamoja hutahitaji kitu kingine isipokuwa mkate.

Italia kuna Schiava ya kaskazini na Frappato ya Sicilia, zote nzuri zikipozwa. Ujerumani, walioko Stuttgart wana Trollinger, ambayo ni Schiava ile ile kwa jina la huko. Austria kuna Zweigelt. Sizifahamu kwa undani wa kuzisemea sana.

Jioni ikiingia baridi, na Aprili lazima iingie, sioni aibu kufungua Saint-Joseph ya Syrah, nyekundu yenye mwili zaidi. Hapo ndipo mjomba na mimi tunakutana.

Kuhusu kupoza: nusu saa hadi dakika arobaini kwenye friji kabla ya kula inatosha. Ukisahau, ndoo ya maji na barafu kwa dakika kumi. Kwenye mikahawa ya kienyeji hapa Lyon hawakuulizi. Beaujolais inakuja ikiwa baridi kidogo kwenye kile kichupa cha sentilita 46 chenye kitako kinene cha kioo, na hakuna anayeona ajabu.

## Na kule ambako hakuna machipuko

Kuna shaka moja iliyonisumbua nikiandika haya. Wasomaji wangu wengi wako Dar es Salaam, Mombasa, Arusha, Nairobi. Aprili kwao ni masika, barabara zimejaa maji. Nawaandikia mvinyo wa majira wasiyo nayo kwa nini? Si ndiyo ule ulimbukeni wa kuhamisha desturi za watu?

Nimelifikiria sana, na naona ni kinyume chake. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya zisizo na hita, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 17. Huo ndio uliohamishwa bila kufikiriwa. Chumba cha Kariakoo au Kisauni kina nyuzi 30. Mvinyo mzito wa asilimia 14 na nusu ukinywewa kwa joto hilo ni kujitesa, na bado hoteli nyingi za pwani zinauleta hivyo hivyo, vuguvugu, na mteja anadhani tatizo ni mdomo wake. Mantiki ya mchana wa Aprili wa Lyon, tanini chache, kilevi cha kiasi, chupa iliyopozwa, inaufaa mwambao wetu karibu mwaka mzima.

Na vya kunywa vipo. Afrika Kusini, ambako machipuko yanaanza Septemba, siku hizi wanatengeneza Cinsault nyepesi safi kabisa kutoka Swartland na Darling. Cinsault ni mzazi mmoja wa Pinotage, ile zabibu aliyoizalisha Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuichavusha na Pinot Noir, na kwa miaka mingi Cinsault ilitumika kujazia mivinyo mingine tu. Ukiiona, ipoze, ichomee jodari kwenye mkaa kwa ndimu na pilipili manga. Jodari ni nyama ya kutosha kwa mvinyo mwekundu, na ukakasi mdogo haumharibii samaki ladha. Kwa nyama choma ya mbuzi pia inakwenda, ilimradi kachumbari isiwe kali mno.

Kinachonikosesha usingizi ni Dodoma yenyewe. Tuna Makutupora, zabibu nyekundu tuliyoizoea, tuna mchanga wa itale, tuna mavuno mara mbili. Tunachotoa zaidi ni mvinyo mtamu, au mkavu wenye nguvu unaojaribu kufanana na wa nje. Sijaonja Makutupora iliyochachushwa kwa vichala vizima, ikatolewa mapema na kunywewa ikiwa changa na baridi. Huenda haifai. Huenda ganda lake ni gumu mno, au uchachu hautoshi kwenye joto lile. Lakini ni swali linalojibika kwa pipa moja.

Mjomba ameshasafiri kurudi. Juzi amenipigia kuniambia ameacha mistari miwili pembeni kwa ajili ya mavuno yajayo, yale ya baada ya baridi ya Juni na Julai, na ana pipa la plastiki la lita 200 aliloliosha. Anataka kujua aweke vichala hadi wapi. Nimemwambia ajaze robo tatu, avunie alfajiri zabibu zikiwa bado na baridi ya usiku, asiponde, asikaze mfuniko maana hewa lazima itoke, na asilifungie pipa kwenye chumba kisichopitisha hewa kwa sababu hewa ya ukaa ikijaa inaua mtu. Aonje kila siku kuanzia ya nne. Ukakasi ukianza kushika ulimi, akamue siku hiyo hiyo.

Ameniuliza sukari asome ngapi kabla ya kuvuna. Nimemwambia safari hii aonje kwa mdomo kwanza, kipimo baadaye. Amenyamaza kidogo, akasema atavuna nusu kwa mdomo na nusu kwa kipimo, tuone.

Kama kuna msomaji wa Hombolo, Bihawana au Mpunguzi aliyekwisha kujaribu hili, aniandikie kabla ya Agosti.